Majani ya Mama

Jumamosi, manyunyu tangu asubuhi.

Leo nimeona nyasi za urembo zikiuzwa barabarani Rongai, nikakumbuka za Mama, zenye mikia myeupe, kando ya geti. Mchana mmoja ng'ombe wa jirani aliingia akawa anazirarua. Nilikimbilia jikoni, kwenye moshi.

"Mama, majani inaisha."

"Si uende dukani uchukue paketi?"

"Inaisha kabisa, Mama."

"Wewe mtoto utanimaliza. Enda."

Nilishangaa kwamba duka linauza nyasi, lakini nilienda. Niliporudi na majani ya chai, Mama alikuwa ameinamia vishina. Inaniudhi hadi leo, ingawa kwa haki, kwetu nyasi na chai vyote viliitwa majani.

Jirani alileta maziwa kuomba radhi. Jioni tulikula ugali kwa maziwa hayo. Mama alikula wake mkavu.