Betri Nne za Ndege

Kiwanda cha nguo alichofanyia kazi mume wangu kilipouzwa, maduka ya Arusha yalikuwa yamejaa kila kitu na nyumba yetu ya Sombetini ilikuwa tupu. Nilikuwa nimechoka. Si kazi iliyonichosha, kazi niliizoea. Nilichoka kumsikia mwanaume mzima akisema "wiki ijayo, wiki ijayo" kama redio iliyokwama.

Kisha siku moja akaja nyumbani na ndege. Ndege ya mbao nyepesi, mabawa yake marefu kuliko meza yetu, ya kurushwa kwa mkono na kuongozwa kwa rimoti. Meneja wa shamba moja la maua huko Usa River alikuwa anarudi kwao Ulaya, akamwachia kwa kuwa mume wangu aliwahi kumtengenezea pampu. Meneja mpya naye alipenda michezo hiyo. Alimwambia mume wangu waziwazi: Jumapili irushe, uitue nzima, Jumatatu uanze kazi ya ufundi hapa. Niliona ni mzaha wa watu walioshiba, lakini kazi ni kazi.

Tatizo lilikuwa betri. Rimoti ilikuwa na yake nzima, ila ile ya kuchaji iliyokaa tumboni mwa ndege, ya kulisha kile kiboksi kinachopokea amri za rimoti, ilikuwa imekufa. Tukaenda mjini kutafuta nyingine. Zamani, enzi za foleni, uliuliza betri ukajibiwa hakuna, ukarudi nyumbani mapema. Sasa zilipangwa ukuta mzima, zenye picha za radi na roketi, na hakuna aliyejua ipi ya kweli na ipi ya bandia. Mume wangu alitaka kila moja ijaribiwe kwenye balbu. Zile kubwa za tochi zinadumu, akasema, lakini zitavuta pua ya ndege chini. Ndogo ni nyepesi, lakini vimota vinavyogeuza mkia vinakula chaji vibaya sana. Aliirudia hotuba hiyo duka baada ya duka, nami nimesimama na kikapu, miguu inawaka moto. Mwishowe akachukua ndogo nne, tukarudi hatuna hata hela ya chumvi.

Jumamosi akapita mfanyabiashara mmoja kutoka Machame, kwao mume wangu, na habari kwamba dada yake mama mkwe wangu amefariki. Siku ya mazishi hakuijua. Ingetangazwa redioni kesho yake, kwenye matangazo ya vifo. Mama mkwe aliishi nasi, na redio yake ilitumia betri nne ndogo kama zile za ndege. Zake alikuwa amezianika juu ya bati tangu asubuhi ili zipate nguvu, kama tulivyofanya sote, lakini wingu la Meru lilitukalia siku nzima na hazikupata joto lolote. Alipozirudisha redioni, ikakoroma kidogo, ikanyamaza.

"Usijali, mama, utasikia," mume wangu akamwambia.

Jumapili asubuhi nikamkuta akizigawa mezani. Mbili mpya za mama, mbili mpya za ndege. Nafasi zilizobaki kila upande akazijaza na zile za kuanikwa. Ndivyo kila nyumba ilivyofanya na redio: mpya zikazibeba zilizochoka.

"Baba watoto, mpe zote au usimpe kabisa," nilimwambia. "Si wewe uliyenieleza kwamba betri moja mbovu inaziangusha zote?"

"Nimejaribu kwenye balbu. Inawaka."

"Balbu haiendi angani."

"Sasa nimnyime mama msiba wa dada yake?"

Hasira ilinipanda kwa sababu alisema kweli.

Meneja alitungoja kwenye uwanja wa nyasi nyuma ya mabanda ya maua. Ndege ilipaa. Sikutegemea ingekuwa nzuri vile. Nilijikuta natabasamu peke yangu. Ilizunguka taratibu juu ya mabanda, ikageuka kurudi kwetu, halafu ikaacha kumsikiliza mume wangu. Alihangaika na rimoti huku na huku. Ndege ikanyoosha, ikashukia migomba ya jirani, tukasikia mbao zikivunjika.

Meneja aliifungua mwenyewe. Betri mbili zilikuwa zinang'aa, mbili zimepauka kwa jua.

"Fundi anachanganya betri?" akauliza.

Mume wangu angeweza kumweleza habari za mama yake. Alisema tu, "Nilichanganya, bwana." Meneja akatikisa kichwa, akaenda zake. Mabaki tuliyaacha palepale.

Nyumbani mama mkwe alitupokea mlangoni, macho mekundu, uso umetulia. Mazishi ni Jumanne. Sauti ilikuwa safi, alisema, hakupitwa na neno.

"Na majina ya ndugu wameyasoma yote. Na wewe umetajwa, mwanangu: fundi wa kiwanda cha nguo, Arusha. Maskini, hawajui kama ulishatoka." Akamshika mkono. "Tukifika Machame nitawaambia mwenyewe kwamba sasa uko kwenye maua."

"Sawa, mama," mume wangu akasema, nami nikamwacha aseme.