Madoa kwenye Nduma za Filister

Jirani yangu Filister ni mke wa pili, na mke wa pili katika boma la Kijaluo hagusi mbegu kabla mke wa kwanza, mikayi, hajapanda zake. Akitangulia, chira, laana ya waliovunja mila, inawashika: watoto wanakonda, mambo yanaharibika tu. Sasa shida ni kwamba mikayi wao, Damaris, alihamia Migori zamani kufungua kibanda cha kupaka wanawake rangi za kucha. Kwa hiyo kila mvua ikianza, boma zima hapa juu ya Kendu Bay linakaa mikono kifuani likimngoja mama mmoja aje na viatu vya visigino, alale nyumbani na Nashon mume wao (hayo mengine si ya kuandikwa), asubuhi afukie punje chache za mahindi, anywe chai, arudi zake. Hapo ndipo Filister hushika jembe. Mahindi yangu huwa yamefika magotini wakati yake yanachungulia. Nimemsema mpaka nimechoka.

Mwaka jana mvua ilikuja, Damaris hakuja. Filister akawaza, akaona njia. Nduma haina mbegu; unachukua chipukizi, unalichomeka kwenye tope, basi. Mila imesema mbegu, haijasema chipukizi. Akapanda kando ya kijito chote. Zikastawi hadi mtoto angeweza kujikinga mvua kwa jani moja. Kwa mara ya kwanza nilimsikia akiimba akipalilia, maana hatimaye alikuwa na kitu kisichomngoja mtu.

Kisha majani yakatoka madoa ya kijani yenye manjano pembeni. Jaduong' Joash, yaani Mzee Joash, baba mkubwa wa Nashon, aliyaona akipeleka ng'ombe majini, na kabla jua halijatua ukoo mzima ulijua kwamba chira imeshika nduma. Tangu nizaliwe nimesikia chira ya watu. Ya mboga ilikuwa mpya. Ikaamuliwa zing'olewe zote Jumamosi. Nashon, mwenye boma, alisema tu, "Wazee wamesema," akaenda kumwangalia mbuzi ambaye hakuwa na shida yoyote.

Filister hakulala; alienda kuomba msaada ofisi ya kilimo. Jumamosi wazee walipofika na majembe, walimkuta Mayaka, afisa wa kilimo, mtu wa Kisii, amepiga magoti topeni na lenzi jichoni.

"Wazee, hii si chira," akasema. "Ni mwani. Kitu kidogo cha kijani, kinaishi ndani ya jani. Kinatambaa humo ndani na kujipikia chakula na jua, kama mimea mingine. Nduma ya chini iko sawa, mnaweza kula."

"Mwani kama hiyo inafunika ziwa huko Homa Bay?" Jaduong' Joash akauliza.

"Ndugu yake wa mbali."

"Na hii inamea?"

"Inamea."

"Ndani ya boma yetu?"

"Ndani ya jani, mzee."

"Na jani iko wapi? Si iko kwa boma?" Mzee akaketi kwenye ukingo wa kijito. "Basi kuna kitu imemea hapa na mikayi hajapanda. Nani alipanda hii kitu?"

Wazee wengine nao wakaketi. Mmoja akasema mwani si zao la shambani, kwa hiyo mila haiugusi. Mwingine akasema kiumbe kinachokaa nyumbani kwa mwenzake bila kujenga ni jadak, mgeni aliyepewa pa kuishi, na jadak hufuata mila za mwenye boma. Hilo likawaingia wote, hata Mayaka nikamwona akitikisa kichwa kukubali. Hukumu ikatoka: kama mikayi aliwahi kupanda mwani kabla ya Filister, hakuna chira. Kama hakuwahi, majembe yafanye kazi.

Filister hakuwahi kumpigia Damaris simu maishani. Maneno yao yote yalipitia kwa Nashon. Siku hiyo alipiga mwenyewe, mimi na yeye tumesogea mbali na wazee.

"Mikayi, wanang'oa nduma zangu. Wanasema labda kama ulipanda mwani mbele yangu."

Kisha tukasikia, "Hiyo mwani inakaa aje?"

"Ni madoa. Kijani, iko na manjano kando. Kama kifungo ya shati."

"Waambie wangoje. Na wewe usilie mbele yao."

Wazee wakangoja. Njaa ilipowabana waliomba wachemshiwe nduma, zilezile zenye chira, wakazimaliza. Mchana Damaris akashuka kwenye pikipiki iliyomtoa stendi ya magari, amekumbatia mkebe wa rangi uliopandwa ua la majani mapana. Kila jani lilijaa madoa ya kijani, na pembeni manjano.

"Hii nimekaa nayo Migori kabla huyu aolewe," akasema. "Daktari, angalia."

Mayaka akainama na lenzi yake. Mimi nilikuwa nyuma yake na harufu ikanifikia: rangi ya kucha, mbichi kabisa. Damaris alikuwa ameficha vidole ndani ya leso. Mayaka alilitazama jani, akawatazama wazee na majembe yao, kisha akamtazama Filister, aliyekuwa ameshika shina la nduma kwa mikono miwili.

"Ni yenyewe," akasema. "Na ni ya zamani sana."

"Basi mikayi alitangulia," akasema Jaduong' Joash, na wazee wakaenda nyumbani wameshiba.

Walipoondoka, Filister alikwangua doa moja kwa ukucha. Likabanduka zima.

"Ulichora yote haya?"

"Gari ilikuwa inaruka. Haya ya chini yameharibika."

Filister alicheka, kisha akalia, na Damaris akamwacha alie maana wazee hawakuwepo. Kabla ya kuondoka aliomba udongo wa boma, akaling'oa lile ua, akaujaza kwenye ule mkebe hadi juu.

Mwaka huu, tone la kwanza la mvua lilipoanguka, simu ya Filister ikalia. "Nimeshapanda mahindi kwa mkebe, na udongo ni wa huko nyumbani," Damaris akasema. "Shika jembe." Nashon alitaka kwanza aulize wazee, lakini Filister alikuwa ameshafika shambani. Mahindi yake sasa yamefika magotini na yangu, niliyochelewa kupanda nikidhani bado anangoja, ndiyo yanachungulia, na sijapenda.