Pikipiki Iliyolala Mlangoni

Nyumba yetu ya mtaa wa Tena, Nairobi, ilikuwa na mlango mmoja tu wa kutokea, na kila jioni mume wangu aliuziba kwa pikipiki yake.

Sisemi aliiegesha karibu na mlango. Nasema aliisukuma mpaka ndani, akaipitisha kando ya kochi, akaisimamisha katikati ya mlango wa nje na ule wa chumba cha kulala. Wezi wa Eastlands miaka hiyo ya tisini hawakuwa na mchezo, hilo sibishi. Kila mwanamume aliyekuwa na pikipiki aliilaza ndani. Majirani walinitania ati nimeletewa mke mwenza. Nilicheka nao, lakini moyoni sikuwa nacheka. Huyo mke mwenza alikuwa akidondosha petroli kwenye kitambaa sakafuni, nasi tukila ugali na harufu yake.

Halafu kukawa na mambo ya betri. Dainamo ya pikipiki ilikuwa imechoka na betri haikai na moto. Mume wangu alikuwa mesenja, mpeleka barua wa ofisi moja mjini, na bila pikipiki hakuna kazi. Basi akaenda soko la Gikomba akarudi na chaja ya kuundwa na fundi: kisanduku cha bati, waya mbili zenye vibanio, na mngurumo uliokuwa ukinitoa jasho. Ikishapata joto huwezi kuigusa. Kila Jumapili asubuhi aliiweka juu ya kiti cha pikipiki na kuichomeka kwenye soketi. Hapo kando palikuwa na gunia langu la mitumba, nguo za watoto nilizouza barabarani.

"Baba watoto," nikamwambia, "hiyo kitu itatuchoma."

"Wewe nawe! Hata kivuli chako unakiogopa. Si utoe gunia lako basi."

"Nilitoe niliweke wapi? Juu ya kichwa cha mama yako?"

Akainama kubana vibanio kwenye betri. Nikajuta kusema, kwa sababu mama yake alikuwa chumba cha ndani, na alikuwa anasikia kila kitu.

Huyo mama ndiye aliyeniweka roho juu. Alikuwa ametoka Ukambani kuja kutibiwa magoti. Nilimwita Mwaitu, yaani mama kwa Kikamba, vile mwanawe alivyomwita. Alitembea akishika ukuta. Mwanawe alikuwa amemfundisha kwamba hapa Nairobi tukitoka ajifungie, na asimfungulie mtu. Basi tukitoka, Mwaitu aliacha mlango wa mbao wazi apate hewa, akafunga grili ya vyuma kwa kufuli kutoka ndani, na ufunguo akaufunga fundo kwenye pindo la leso aliyojitanda, pamoja na tembe zake. Kisha alirudi chumbani kiubavu, kati ya kochi na pikipiki, pole pole, akiguna. Nilikuwa nikimwangalia nikijiuliza, je, siku akitakiwa kupita hapo haraka? Usiku nilikuwa naamka kunusa hewa. Mume wangu akiniuliza nanusa nini, nasema nimesikia panya.

Jumapili moja stima ikapotea tukinywa chai. Chaja ikanyamaza, na kwa vile ilinyamaza hakuna aliyeikumbuka. Mume wangu akaiacha pikipiki pale pale, akaenda zake mtaa wa Komarock kwenye mkutano wa watu wa kwao. Mimi nikachukua watoto na nguo kidogo, tukatandika karatasi pale barabarani. Nyuma yangu nikasikia kufuli ikilia ka! Mwaitu amejifungia.

Saa za mchana hivi, mtaa ukapiga nduru.

Aliyekaa Eastlands anaijua hiyo nduru. Stima ikirudi, kila ploti ya nyumba za kupanga inashangilia. "Imerudi! Imerudi!" Watoto wangu wakaruka juu wakipiga makofi. Mimi nilikuwa nimeshika gauni dogo nikibembeleza mteja, na mkono wangu ukabaki hewani. Chaja. Ngai, Mungu wangu, chaja!

Watoto nilimwachia huyo huyo mteja. Nguo sijui. Nilikimbia na ndala moja.

Dirisha la sebule lilikuwa linatoa moshi mweusi. Nikashika grili nikaitikisa, ikakataa. Ndani, gunia lilikuwa linawaka upande wa juu, na ndimi za moto zilikuwa zinaramba kiti cha pikipiki. Nyuma ya pikipiki, kwenye mlango wa chumba, Mwaitu alikuwa amesimama ameshika ukuta. Hakuwa akilia. Alikuwa akikohoa tu na kuniangalia.

"Mwaitu, ufunguo! Nirushie ufunguo!"

Vidole vyake vilihangaika na lile fundo. Halikufunguka. Nikapiga kelele, "Rusha leso yote!" Akairusha. Ikanasa kwenye usukani wa pikipiki, ikaning'inia hapo ikigeukageuka, na moto uko hapo chini yake. Wee!

Jirani wa mlango wa pili alikuwa ameshazima swichi kubwa ya nje. Mkewe akanipa fagio. Nikapitisha mpini kwenye grili, nikavua ile leso kidogo kidogo, ikaja. Fundo nililipasua kwa meno. Tembe zikamwagika, ufunguo ukabaki, nikapitisha mkono kwenye grili nikafungua kufuli.

Vijana waliokuwa kwenye nyumba inayojengwa kando wakaja na karai za mchanga wakazimwagia moto. Tukaikamata pikipiki tukaivuta. Ikaanguka kizingitini, kioo kikavunjika, tangi likabonyea. Sikujali. Niliikanyaga nikapita, nikambeba Mwaitu mgongoni kama mtoto, mzito, ananuka moshi. Nikamkalisha kwenye veranda na mimi nikakaa chini kando yake.

Mume wangu akatokea anakimbia, habari zimemkuta njiani. Akasimama. Akaangalia pikipiki iliyolala ubavu vumbini.

"Nani ameiangusha hii pikipiki?"

Haki ya Mungu, ndivyo alivyosema. Huenda ni mshtuko. Lakini maneno yalishatoka, na mtaa mzima ulisikia.

Mwaitu alishika ukuta akainuka, akaingia ndani, na tukasikia kitu kikiburutwa. Lilikuwa godoro lake. Alilivuta hatua kwa hatua mpaka pale pale pikipiki ilipokuwa ikisimama, juu ya mchanga na majivu, akalilaza, akajilaza juu yake na viatu vyake miguuni.

"Hapa ni pangu," akasema. "Hiyo yako ikirudi, itanipitia mimi."

Mume wangu alimwangalia mama yake, kisha akaangalia ile leso mkononi mwangu, pindo moja limeungua likawa jeusi. Akachukua mnyororo, akatoka kwenda kuifunga pikipiki nje kwenye nguzo ya kamba ya nguo.