Waya Nzito kwenye Dirisha la Mama

Jumamosi hiyo nilitoka Kitale kwenda Bungoma kumwekea mama geti. Nina karakana ndogo ya vyuma kule mtaa wa Tuwan, na grainda yangu, mashine ya kukatia chuma, nilikuwa nimeibadilisha waya ya umeme. Ile ya kwanza ilikuwa nyembamba, ikipata moto, basi nikafunga nene ya mpira. Karakanani nakatia chuma mezani, waya imelala chini, na uzito wake siusikii.

Kaka yangu alikuwa ameshikilia geti nikipima bawaba. Hakuwahi kuipenda kazi yangu. Akiniita "fundi" ilikuwa ni kunicheka. Mama akaingia chumbani kubadilisha nguo aende mazoezi ya kwaya. Mara tukasikia kishindo, kisha kilio chake.

Alikuwa amefunga komeo kwa ndani. Kaka akausukuma mlango kwa bega, na mama akalia tena, karibu kabisa na mlango.

"Acha!" nikamwambia. "Ameulalia. Utamuumiza zaidi."

Likabaki dirisha, nalo lilikuwa na vyuma. Lilikuwa juu, nikapanda pipa. Kaka akaleta ekstensheni ya umeme kutoka sebuleni. Nikalitoa pazia, nikapenyeza blanketi lililolowa maji lifunike kitanda, maana cheche zingeangukia pale pale.

Chuma cha kwanza kilikatika. Cha pili kilikuwa juu ya kichwa changu. Nilipoinua mikono, waya yote ikaning'inia hewani nyuma ya grainda, ikiuvuta mkia wake chini. Diski ikapinda ndani ya mkato, ikakwama, kisha grainda ikaruka, ikapita karibu na shavu langu. Nikaizima.

"Mama?"

Nikatega sikio dirishani.

"Mama!" kaka akapiga kelele.

"Nasikia baridi," akajibu, kwa sauti ndogo sana.

Kaka akanitazama. "Nifanye nini?"

"Nibebee hii waya. Inanipinda mkono."

Akaishika, akaivuta ikakaza. Grainda ikageuka mkononi mwangu hata kabla sijaiwasha.

"Usivute, bana! Ibebe tu. Iache ilegee kidogo hapa kwangu, uzito ubaki kwako."

Akapanda kiti, akaipitisha waya begani, akasimama karibu nami kiasi kwamba nilisikia pumzi yake. Nikawasha. Safari hii grainda ilitulia. Cheche zilimwangukia shatini na shingoni, nikamsikia akivuta hewa kwa meno, lakini bega halikusogea. Nikisogea, naye anasogea. Tulikata chuma kimoja baada ya kingine.

Niliingia mimi kwa sababu kaka, kwa mwili wake mkubwa, hangepita. Mama alikuwa sakafuni, mguu mmoja umegeukia nje, jasho limemtoka. Nikamsogeza taratibu kwenye blanketi kavu huku akinibana mkono, nikafungua komeo. Jirani akatupeleka hospitali kwa gari lake.

Nyonga ilikuwa imevunjika. Tukingoja kwenye benchi, kaka alijigusa shingo pale palipoungua, akaniuliza kama hiyo mashine imewahi kunikata. Nikamwonyesha kovu la kwenye kiganja. Akalitazama muda mrefu, kisha akaenda kututafutia chai.

Mama alifanyiwa upasuaji. Siku hizi anatembea kwa mkongojo, polepole, na asubuhi za baridi bado analalamika.