Kitako cha Bunduki ya Baba

Mwaka tisini na moja, mimi nina miaka kumi, macho yalimharibika baba yangu, fundi cherehani. Mbali anaona, sindano haioni. Kazi ikaisha, nami nikatolewa skuli.

Juzi mwanangu alikuwa akichagua vipande vya bunduki yake, nikakumbuka mchana mmoja sokoni Ibra, huku Uarabuni tulikohamia kutoka Zanzibar. Baba alitaka kitako kipya cha bunduki yake, ule mti unaoegemezwa begani, apige shabaha siku ya Idi. Duka lilinuka mafuta na mbao. Akapapasa vitako viwili.

"Mwanangu, kipi hakina ufa?"

Kimoja kilikuwa kizima, hakina pambo. Cha pili kilivishwa pete ya fedha, na pembeni yake ufa mwembamba kama unywele. Niliuona. Nilidhani ile fedha ndiyo inayopeleka risasi mbali.

"Hichi, baba. Hakina kitu."

Siku ya Idi kikapasuka mikononi mwake mbele za watu.

"Nani kakuchagulia, we Mzanzibari?" wakamcheka.

"Mwenyewe," akasema.

Hakupiga shabaha tena. Kafa sijamwambia.

Leo nina nyumba mbili Ibra, shamba la mitende Al Qabil, duka la vitambaa na gari. Radhi yake sijui kama ninayo.