Niliimbisha Bamama wa Kanisa Ili Wasimsikie Bibi Yangu

Sitaanza kwa kujitetea. Nilimfungia bibi yangu kwa kufuli, mama wa mapacha wangu, akiwa ametoka tu kuzaa, maziwa yanamtiririka kifuani. Na nilijua kwamba ni mgonjwa. Wengine wakifanya hivi husema, "Sikujua." Mimi nilijua! Hapo ndipo panaponichoma mpaka leo.

Mimi ni mwalimu hapa Kamina. Nafundisha biolojia, ndugu yangu, biolojia! Ubongo wa mtu nauchora ubaoni kwa chaki za rangi, sehemu kwa sehemu, na wanafunzi wananakili. Babu yangu alikuwa mwinjilisti wa Kimethodisti, baba yangu karani, na kwetu sala ilianza kabla ya chai. Mtu wa nyumba kama hiyo anaangaliwa mjini. Nikipiga chafya asubuhi, jioni kanisa zima linaniuliza kama nimepata dawa.

Bibi yangu alijifungua mapacha, Kyungu na Kabange, ndivyo sisi Baluba tunavyowaita. Leza wangu, Mungu wangu, ilikuwa furaha! Na kwa desturi yetu mapacha hawapokewi kimya. Wanawake huja kucheza, huimba nyimbo za matusi, matusi ya wazi ya mwilini, mbele ya wakwe na wazee, na hakuna anayeruhusiwa kukasirika. Mama wa mapacha, Ina Mapasa tunamwita, ana haki ya kumtukana yeyote. Ni heshima yake.

Mimi nikakataza. "Katika parsele hii, nyumbani kwangu, hakuna nyimbo za uchafu," nilimwambia mama yangu. Mama ni mwanakwaya, lakini pia ni Muluba wa kweli. Alikubali kwa shingo upande.

Siku si nyingi baadaye bibi yangu akaanza kuziimba mwenyewe. Alitoka uani asubuhi, mtoto mgongoni, anaimba zile zile nilizokataza, anacheka mpaka machozi. Akamtukana baba yangu mdogo. Akamtukana muuza makala ya kupikia aliyekuwa anapita na baiskeli yake, masikini, hata hakujua amekosa nini.

Majirani wakapiga vigelegele. Mama yangu alikuwa anameremeta.

"Unaona?" akaniambia. "Weye ulikataza, mapasa benyewe banajiimbia. Muache! Njo haki yake."

Tukapiga makofi. Hata mimi nilitabasamu, nikasema basi, desturi imenishinda. Jamani, tulimpigia makofi mtu anayezama!

Maana hakuwa analala. Hakuna aliyeliangalia hilo, kila mtu aliangalia nyimbo. Alifua nepi zilizokwisha kufuliwa. Alifagia pale alipotoka kufagia. Aliongea mbio, sentensi moja inakanyaga nyingine, halafu anakatiza katikati na kusikiliza kitu. Akaniambia Kabange amemwonya kwamba maji ya kisima yana sumu, akaacha kunywa maji. Na siku moja akamtazama Kyungu, akaniuliza kwa upole kabisa, "Huyu mtoto ni wa nani?"

Nikamchukua mtoto mikononi mwake.

Tulipokwenda kuwapima watoto, muuguzi wa maternite, wodi ya wazazi, hakuhitaji hata kuuliza sana. Alimsikiliza kidogo, akanivuta pembeni.

"Mwalimu, ile haiko furaha. Ile ni ugonjwa. Unakamatanga bamama kisha kuzaa, haraka haraka, bila kubisha hodi. Zamani tulikuwa tunasema ni mapepo. Siku hizi bamunganga ba hospitali banachunguza muzuri, banaona ni mwili, ni usingizi, ni damu ya jamaa. Kwabo hakuna mwengine alipatwa vile?"

Nikasema hapana. Uongo! Mama mdogo wake kule Bukama alipatwa baada ya kuzaa, na jamaa walituambia alikwenda kuishi mbali. Hata katika posa yetu jambo hilo lilipitishwa chini ya mkeka.

"Iko na dawa," muuguzi akasema. "Atapona. Lakini mulete leo, Mwalimu. Leo! Kuchelewa njo mubaya."

Nikaitikia, ndiyo, ndiyo, namleta. Nikampeleka nyumbani.

Kwa nini? Nitakwambia, hata kama utanitemea mate. Jumapili ile mapacha wangebatizwa. Na wakubwa wa shule walikuwa wanatafuta mtu wa kuiongoza, na jina langu lilikuwa juu. Nikawaza: nikionekana hospitali na bibi anayeongea na hewa, kesho mji mzima unajua. Nani atampa shule mtu mwenye wazimu nyumbani? Nikasema ubatizo upite kwanza. Ubatizo tu!

Lakini ugonjwa hauna kalenda ya kanisa. Kesho yake alifungua mlango wa barabarani, kifua wazi, anaimba, anasema anakwenda kumtukana pasta. Nilimkimbilia, nikamshika, nikamwingiza katika aneksi, ile nyumba ndogo ya nyuma tunamoweka magunia ya mahindi. Nikafunga kwa kufuli.

"Ni kwa ajili ya watoto," nilijiambia. Msomi hakosi sababu! Mama yangu alisema mapacha wamekasirika kwa kuwa niliwanyima ngoma yao. Mimi nilijua si mapacha, lakini sikumbishia, kwa sababu maneno yake yaliniokoa na maneno ya muuguzi.

Watoto walikuwa nyumba kubwa na mama yangu, tukiwapa maziwa ya kopo. Walipolia, yeye aliwasikia. Alipiga mlango kwa viganja. "Ba Kyungu, fungua! Watoto wanalia! Maziwa yananiuma!" Ba Kyungu ndiye mimi, baba Kyungu. Nilimpelekea bukari, ugali wetu, na mboga ya sombe, nikaweka chini, nikafunga tena. Matiti yalikuwa magumu kama mawe, nguo imelowa. Nilimwona kwa macho yangu mawili, nikafunga tena!

Ubatizo nikausogeza, nikasema mama ana homa. Ndipo wakaja bamama wa kanisa.

Walikuja mchana, wamevaa vitenge vyao vya sare, na unga, sabuni na nguo za watoto. Walitaka kumsalimu mzazi. Nikasema amelala, ana udhaifu. Wakasema haidhuru, Mwalimu, tutaimba wimbo mmoja hapa uani, tuombe, twende. Wakaanza kuimba, taratibu.

Na yeye akasikia. Akaanza kuita. Safari hii hakutukana. Aliita majina yao, mmoja mmoja, jina baada ya jina, akili ikiwa imemrudia kwa dakika hiyo: "Mama Furaha! Mama Ester! Muko wapi? Minyi niko huku!"

Mama mmoja akageuza kichwa.

Unajua nilifanya nini? Niliinua mikono kama kiongozi wa kwaya, nikasema, "Bamama, tuimbe ule wa kusifu, kwa nguvu zote, mzazi apate moyo!" Nikauanzisha mwenyewe, kwa sauti yangu yote. Wakapokea. Wakapiga makofi, wakacheza, vumbi likaruka. Tuliimba juu ya sauti yake mpaka ikazimika. Wakaondoka wakisema, mwanamume wa imani huyu.

Mungu na asinisamehe upesi. Aniache kwanza niumie.

Aliyemtoa ni dada yake mkubwa, Yaya Monique. Bwana yake ni mwanajeshi, wanakaa kule Baze, kambini, naye anauza samaki wakavu na vitenge. Yeye hakuja kuimba. Alikuja na beseni la samaki kichwani, akasikia mtu anakwaruza mlango, akatua beseni chini.

"Shemeji, nani iko mule?"

Nikaanza kueleza. Nilieleza vizuri, kwa utaratibu, kama niko darasani.

"Minyi sikuulize somo!" akapaza sauti. "Nakuuliza nani iko mule! Ile ni mutoto ya mama yangu! Unamufunga sawa mbuzi? Weye, muntu ya masomo? Fungua!"

Nikafungua. Yaya Monique aliingia mbio. Alivua kitenge chake kimoja, akamfunika, akakaa naye chini kwenye mahindi, akamkamua maziwa kwa mkono wake, polepole, akilia. Mimi nilisimama mlangoni. Kisha akampeleka hospitali yeye mwenyewe kwa pikipiki, na kutoka hapo wakampeleka Lubumbashi kwa wanaojua magonjwa ya akili.

Kanisani nilisema amekwenda kupumzika kwa jamaa yake.

Alipona. Alipona kabisa, kama muuguzi alivyosema! Dawa, usingizi, watu wa kumsikiliza. Alirudi amenenepa kidogo, mtulivu, akawabeba watoto wake wote wawili, Kyungu akalia kama amebebwa na mgeni. Alilia naye. Maziwa yalikuwa yamekwisha kukauka.

Nilidhani hakumbuki. Tunapenda kudhani hivyo, kwamba mgonjwa wa akili hakuwepo. Siku moja anachambua maharage akaniambia, bila kuinua macho, "Ule wimbo uliouanzisha, Ba Kyungu, niliushika wote. Nilifikiri mukimaliza mutakuja kunifungulia."

Nikapiga magoti pale jikoni. Nikaomba msamaha. Akasema, "Kufungiwa nimesamehe. Wengi wanafunga kwa woga. Lakini weye ulijua. Basi sema. Mimi mambo yangu nayasema, yako sitakusemea."

Na kweli, yake anayasema. Anakwenda maternite, anakaa na wanawake waliotoka kuzaa, anawaeleza bila haya kwamba alisikia sauti na alimsahau mtoto wake, na leo yuko hapa. Wanamsikiliza. Wakimuuliza bwana yako alifanya nini, anasema, "Mukamuulize."

Hawaniulizi. Wananisifu! Pasta alinisimamisha mbele ya watu wote: tazameni mwanamume huyu, hakumwacha bibi yake alipougua. Makofi. Shule nikapewa. Wazee wananiita kuwashauri vijana wanaooa. Nitoke wapi humo? Nikifungua mdomo, nyumba yote inaanguka: shule, kiti cha mbele, jina la baba yangu. Nikinyamaza, ninaoza. Nakula, nafundisha, nasalimiwa barabarani, na pumzi haifiki chini ya kifua.

Karibuni nafasi ilinijia mpaka mlangoni. Alikuja mtafiti, mwanamke kijana kutoka chuo kikuu, anachunguza ugonjwa huu wa wazazi. Wanataka kujua kinachowachelewesha kufika kwenye dawa, ili waalike familia mapema, wawafundishe wauguzi na makanisa. Kazi njema. Aliongea nami sebuleni, bibi yangu akiwa uani.

Aliuliza kwa heshima, "Papa, kabla ya hospitali, aliwahi kufungwa kamba, au kufungiwa ndani?"

Alitaka ukweli tu. Hakunijua, asingenihukumu. Jina langu lisingetajwa popote. Na mimi nikasema nini?

"Hapana. Nyumbani kwetu tulimtunza kwa upendo."

"Wababa wote wangekuwa sawa weye," akasema, akafurahi.

Kisha akamwita bibi yangu, mimi nikatoka. Dirisha lilikuwa wazi, nilisikia. Alijibu yote, vizuri, mpaka swali lile. Pale akasema, "Hilo muulize bwana yangu."

"Nimekwisha kumuuliza, Mama. Amesema hapana."

Nilisogea karibu na dirisha. Nilitaka aseme! Nakuapia, nilitaka anifungulie kwa mdomo wake, aseme mwongo huyo, nianguke, nipumue!

"Basi," akasema bibi yangu. "Andika vile amesema."

Jioni alinipakulia chakula kama kawaida. Hajanitukana, hajaondoka. Ila tangu siku ile haniiti tena Ba Kyungu. Ananiita Mwalimu, kama watu wa barabarani. "Mwalimu, maji ya kuoga tayari." "Mwalimu, kumekuja wageni." Nalala ubavuni mwa mwanamke anayeniita Mwalimu.

Ninyi wababa mnaosoma hapa, na ninyi mama wakwe! Mzazi asipolala na akawa na furaha inayokimbia, msipige makofi. Akiongea na asiyeonekana, akimwogopa au akimsahau mtoto wake, hata kama ni Ina Mapasa, hata kama desturi inamruhusu, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo. Msingoje ubatizo, msingoje cheo, msifiche habari za mama mdogo wa Bukama. Na kama umekwisha kumfungia, fungua sasa hivi, acha kusoma! Halafu kaseme ulichofanya kabla hujaanza kusifiwa, maana sifa zikishakuingia, kutoka ni shida.

Haya, nimesema. Nilifikiri nitasikia mzigo unatua. Hautui. Bibi yangu anapenda kusoma maungamo kama haya, atafika hapa, na kwa mstari wa kwanza tu atanitambua. Atasoma mpaka mwisho, taratibu. Halafu atatafuta jina langu chini, na hatalikuta.