Fundi Redio na Mtaa Ulionong'ona

Fundi redio alianza kumshuku mkewe siku aliyomkuta jikoni anaongea kwenye simu kwa sauti ya chini. Alipoingia tu, simu ikakatwa.

"Ulikuwa unaongea na nani?"

"Na dada. Si nimeshakwambia mara mbili?"

Mara mbili! Fundi hakusikia hata moja.

Nje ya kliniki, mkewe peke yake ndiye aliyejua kwamba fundi anaishi na virusi vya UKIMWI na kwamba kila asubuhi anameza kidonge chake. Na sasa mtaa mzima ulikuwa unanong'ona. Kinyozi wa mlango wa pili alikuwa akichezesha midomo na wateja wake, wakicheka, na fundi haambulii neno. Nani kawapa habari kama si mama watoto? Akawa anajibanza nyuma ya pazia amnase akisengenya. Alisimama hapo mpaka miguu ikafa ganzi, asisikie kitu. Mjanja huyu mwanamke, akasema moyoni. Akaamua: Jumamosi mkewe atafunga virago arudi kwao.

Ijumaa bibi mmoja akaleta redio yake. Fundi akaifungua, akabadilisha waya, akaiwasha. Kimya. Akakizungusha kitufe cha sauti mpaka mwisho.

"Bado imekufa, bibi."

Bibi alikuwa ameziba masikio kwa mikono yote miwili. Kinyozi naye akaja mbio, povu mkononi, akamfokea sikioni.

"Punguza, fundi! Unataka kutupasua vichwa?"

Fundi akaweka kiganja juu ya spika. Ilikuwa inatetemeka. Hofu ikamshika, hofu hasa, maana fundi redio asiye na masikio atakula nini?

Kliniki walimpima damu. Daktari aliona kuongea ni kazi bure, akachukua karatasi na kuandika kwa herufi kubwa: KASWENDE.

Fundi alicheka kwa hasira. "Sina kidonda wala upele. Na kaswende na masikio wapi na wapi?"

Daktari akasogea karibu, akapaza sauti. "Huwa inajificha. Kwa mtu mwenye virusi, wakati mwingine inajitokeza kwenye macho au masikio, na kidonda hukukiona. Kuanzia kesho utalazwa wiki mbili, uchomwe sindano. Masikio yanaweza kupona, yote au nusu. Na mkeo aje apimwe."

Wazo la kwanza la fundi lilikuwa: nimemkamata! Alitoka nalo mpaka getini, kifua mbele. Hapo ndipo akamkumbuka mpishi wa nyumba ya wageni aliyelala naye mwaka jana, alipokwenda siku tatu kutengeneza spika za watu. Alikuwa amejisahaulisha kabisa. Aibu ikamjaa.

Nyumbani alisema yote, na kwa kuwa hakuisikia sauti yake mwenyewe, alisema kwa sauti kubwa. Mkewe alikimbia kufunga dirisha. Kisha akasimama mbele yake, machozi yakimtoka, akaongea maneno mengi.

"Sikusikii," fundi akasema. "Niambie kwa nguvu."

Mkewe akatazama dirisha, akatikisa kichwa. Aliitwaa karatasi ya daktari, akaandika chini ya lile neno, akamrushia mapajani: "Siri ya kwanza sijamwambia mtu mpaka leo. Na hii nayo unataka nikutunzie?"